Matundu Manne Mlangoni: Historia ya Kamera ya Kwanza ya Ulinzi wa Nyumbani na Swali la Kujiuliza Kabla Hujafunga Yako

Tuseme umeshaamua. Mwezi huu unafunga kamera za ulinzi nyumbani kwako kwa mara ya kwanza. Umeulizia bei dukani, umeangalia video tatu nne YouTube, na fundi amekupigia hesabu ya mashine ya kurekodia, diski, waya na ufundi wake. Kimebaki kitu kimoja tu anachotaka kujua: "Unataka kamera ngapi?"

Swali halina ubaya, ndiyo biashara yenyewe. Lakini yule nesi aliyebuni mfumo wa kamera kwa ajili ya mlango wa nyumba ya kuishi, karibu miaka 60 iliyopita, hakuanzia hapo. Yeye aliwaza hivi: mtu akigonga usiku na mimi niko peke yangu ndani, nitafanya nini? Jina lake ni Marie Van Brittan Brown. Ukilielewa swali lake, utafunga mfumo bora kuliko wa jirani yako mwenye kamera nane.

Kamera zilikuwepo kabla yake

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Mitandaoni utakuta imeandikwa kwamba Marie Brown ndiye aliyevumbua CCTV. Sio kweli, na alichokifanya ni kikubwa vya kutosha bila kuongezewa chumvi.

CCTV maana yake ni televisheni ya mzunguko uliofungwa. Kituo cha televisheni cha kawaida kinarusha mawimbi hewani na yeyote mwenye antena anayadaka. Kwenye mzunguko uliofungwa, picha inatoka kwenye kamera na kwenda kwenye kioo ulichokichagua wewe, basi. Mfano wa mwanzo unaojulikana sana ni wa Ujerumani mwaka 1942, kwenye kituo cha kijeshi cha Peenemünde katika pwani ya Bahari ya Baltiki. Mhandisi Walter Bruch (huyu ndiye baadaye aliyeunda PAL, mfumo wa televisheni ya rangi) alihusika kuweka kamera za kutazama roketi za V-2 zikirushwa. Sababu ilikuwa rahisi: roketi zile zililipuka mara kwa mara, na hakuna aliyetaka kusimama karibu kuangalia. Jicho likapelekwa kwenye hatari, mwili ukabaki mbali. Hilo wazo litunze, tutalirudia.

Mwaka 1950 kampuni ya RCA ya Marekani ikaleta vidikoni, bomba la kioo linalogeuza mwanga kuwa umeme. Lilikuwa dogo na rahisi kuliko mabomba ya kamera za studio za enzi hizo, kwa hiyo kamera ikapungua ukubwa na ikaanza kuingia viwandani na maabara. Ila angalia wateja wenyewe: majeshi, viwanda, taasisi kubwa. Hakuna aliyekuwa anamfikiria mtu aliyeko kwenye nyumba yake, taa zimezimwa, anasikia hatua koridoni.

Jamaica, Queens

Jamaica tunayoizungumzia hapa siyo kile kisiwa. Ni mtaa ulioko Queens, moja ya sehemu tano zinazounda Jiji la New York. Hapo ndipo Marie, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1922, alipoishi na mumewe Albert. Marie alikuwa nesi, Albert fundi wa elektroniki. Kazi zote mbili hazina saa za kueleweka: leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Mara nyingi mmoja yuko kazini na mwingine yuko nyumbani peke yake. Uhalifu ulikuwa unaongezeka mtaani kwao, na polisi walichukua muda mrefu kufika.

Na kumwita polisi kwenyewe kulikuwa shughuli. Sisi tumeshazoea kuona kwenye filamu Wamarekani wakipiga 911, tunadhani namba hiyo imekuwepo siku zote. Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, jimbo la Alabama, na New York ikaanza kuitumia Julai mwaka huohuo. Mwaka 1966, Marie alipokuwa anawaza mlango wake, namba hiyo haikuwepo.

Sasa fikiria mlango wenyewe. Sisi tuna utaratibu wetu wa miaka mingi: hodi. Mgeni anajitambulisha kwa sauti kabla mlango haujafunguliwa, na mwenye nyumba ana hiari ya kuitikia au kukaa kimya. Ukiutazama kwa jicho la mtafiti, huo ni mfumo wa ulinzi kamili, isipokuwa unategemea kitu kimoja: mjuane sauti. Kwenye mtaa ambao watu hawajuani, sauti peke yake haitoshi. Unalazimika kuona. Na njia iliyokuwepo ya kuona ilikuwa lile tundu dogo la kuchungulia, ambalo lina kasoro moja kubwa: ili ulitumie, ni lazima utembee mpaka mlangoni. Yaani ili ujue kama mtu aliyeko nje ni hatari, unausogeza mwili wako hadi sentimita chache kutoka kwake.

Unaona jinsi tatizo la Marie lilivyofanana na lile la warusha roketi? Jicho liende kwenye hatari, mwili ubaki mbali.

Mfumo wenyewe ulivyofanya kazi

Tarehe 1 Agosti 1966 Marie na Albert waliwasilisha ombi la hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Ombi lilikubaliwa tarehe 2 Desemba 1969, hataza ya Marekani namba 3,482,037. Iko wazi kwa umma, unaweza kuitafuta na kuangalia michoro. Utakachokuta ni hiki.

*Matundu manne.* Mlangoni kulikuwa na matundu manne ya kuchungulia, moja juu ya lingine. La juu kwa mgeni mrefu, la chini kwa mfupi au mtoto, na mengine kwa walio katikati.

*Kamera inayopanda na kushuka.* Nyuma ya matundu, ndani ya nyumba, kulikuwa na kamera ya televisheni iliyosogezwa na mota juu na chini, ikatulia kwenye tundu ulilotaka. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito na za gharama. Badala ya kufunga nne, walifunga moja na kuifundisha kutembea.

*Kioo chumbani.* Picha ilisafirishwa kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye televisheni iliyokaa mbali na mlango, kwa mfano chumbani kwako. Unaona ukiwa kitandani.

*Sauti ya pande mbili.* Kulikuwa na maikrofoni na spika ndani na nje. Unamuuliza mgeni shida yake, anajibu, na bado hajui uko chumba gani.

*Kitasa cha umeme.* Ukiridhika naye, unafungua mlango kwa kubonyeza swichi ukiwa kulekule ulipo.

*Kitufe cha hatari.* Usiporidhika, unabonyeza kingine na ishara inaenda kwa walinzi au polisi.

Sasa, kila kimoja kati ya vitu hivi kilikuwepo tayari sehemu fulani duniani. Kamera ilikuwepo, redio ilikuwepo, vitasa vya umeme vilikuwepo, kengele zilikuwepo. Kipya ni mpangilio. Ukivipanga vifaa hivyo kwa jinsi mtu anavyovitumia, unapata vitendo vinne: ona, sema, amua, ita. Kila kitendo kinamwokoa mtu asitembee kwenda mlangoni. Na maelezo ya hataza yanasema bayana kwamba mfumo uko chini ya udhibiti wa anayekaa ndani ya nyumba. Siyo kampuni, siyo mwenye jengo, siyo polisi. Yule aliyeko ndani ndiye anaamua nani aonekane, nani ajibiwe, nani afunguliwe.

Kwa nini haukuenea wakati ule

Gazeti la The New York Times liliandika habari za uvumbuzi huu tarehe 6 Desemba 1969, siku nne baada ya hataza kutolewa. Marie na Albert walikuwa na matumaini ya kuwavutia watengenezaji na wajenzi wa nyumba. Lakini piga hesabu mwenyewe: kamera ya bomba la kioo, mota, mitambo ya redio, televisheni ya ziada, kitasa cha umeme. Nani wa mtaani angemudu? Wazo lilikuwa limefika, bei ndiyo haikuwa imefika.

Kinachochekesha kidogo ni kwamba dawa ya bei ilizaliwa mwaka huohuo, siyo mbali na hapo. Oktoba 1969, katika maabara za Bell jimboni New Jersey, Willard Boyle na George Smith walibuni CCD, kipande cha silikoni chenye uwezo wa kushika picha bila bomba lolote. Ili uelewe inavyofanya kazi, kumbuka watu wanaomwaga zege la ghorofa. Wamejipanga mstari, karai zinapita mkono kwa mkono mpaka juu. Kwenye CCD kila nukta ya picha ni karai linalojazwa na mwanga: panapong'aa zaidi karai linajaa chaji nyingi, penye giza linabaki karibu tupu. Kisha chaji zinapokezanwa hatua kwa hatua mpaka mwisho wa mstari, ambako zinapimwa moja moja. Kazi hiyo iliwapatia Boyle na Smith Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009.

Miaka ya 1990, timu ya Eric Fossum katika maabara ya JPL ya NASA ikapiga hatua nyingine kwa vihisio vya CMOS, ambavyo kila nukta ina kipaza ishara chake. Vihisio hivi vinatengenezwa kwa njia zinazokaribiana na za chipu za kawaida za kompyuta, na hapo ndipo bei ilipoporomoka. Kihisio kilichoko kwenye simu yako ni wa ukoo huo. Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Sweden ikaanza kuuza kamera ya kwanza ya kuunganishwa moja kwa moja kwenye mtandao wa kompyuta.

Wakati huo wote hataza ya akina Brown ilikuwa imeshapita. Enzi zile hataza ya Marekani ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo ulinzi wake uliisha Desemba 1986. Marie alifariki mwaka 1999, akiwa na miaka 76. Kengele za mlangoni zenye kamera, zile unazojibu kwa simu ukiwa kazini, zikaja kujaa madukani katika muongo wa 2010.

Kilichobadilika njiani

Kwa hiyo leo unaweza kununua, kwa bei ya simu ya kawaida, kifaa ambacho mwaka 1966 kingehitaji mota na mitambo ya redio. Hayo ni maendeleo na hatuna sababu ya kuyabeza. Lakini wakati vifaa vinashuka bei, mpangilio wa Marie ulilegezwa sehemu tatu. Zote tatu zinakuhusu.

*Ya kwanza: kurekodi kulichukua nafasi ya kujibu.* Mfumo wa Marie ulikuwa kwa ajili ya dakika ile mtu yuko mlangoni. Mifumo mingi ya leo ni kwa ajili ya kesho yake asubuhi, mwizi akiwa ameshaondoka. Je, kuna tofauti? Mwaka 2019 watafiti Eric Piza, Brandon Welsh, David Farrington na Amanda Thomas walikusanya tathmini 76 za CCTV za kipindi cha miaka 40. Kwa wastani uhalifu ulipungua kwa asilimia 13 palipo na kamera ukilinganisha na pasipo na kamera, na matokeo mazuri zaidi yalikuwa kwenye maegesho ya magari. Zaidi ya hapo, kamera zilizokuwa na mtu anayezitazama zilifanya vizuri kuliko zile za kurekodi tu. Utafiti ule ulihusu zaidi maeneo ya umma, hivyo tusiubebeshe yote kwenye nyumba zetu. Lakini mwelekeo ni uleule wa Marie: jicho bila mkono wa kufanya kitu linasaidia kidogo.

*Ya pili: picha ilitoka nje ya nyumba.* Picha ya Marie ilisafiri kutoka mlangoni mpaka chumbani. Picha yako inaweza kusafiri mpaka kwenye seva iliyoko bara lingine kabla haijarudi kwenye simu yako hapohapo sebuleni. Na njia ya kutokea ni njia ya kuingilia pia. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya takriban maneno ya siri 60 yanayowekwa kiwandani. Ilifungua kamera, mashine za kurekodia na ruta kwa maelfu mengi, kwa sababu wenyewe hawakuwahi kuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo lilitumika kuizidi nguvu kampuni ya Dyn, iliyokuwa inaongoza watu kufika kwenye tovuti wanazozitaka. Twitter, Netflix na Reddit zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Wenye kamera, wala hawakujua. Kamera ziliendelea kuonesha geti kama kawaida huku zikifanya kazi ya mtu mwingine.

*Ya tatu: kamera ikaanza kumtazama asiyegonga.* Matundu manne yalimwona mtu aliyekuja kwenye mlango wako tu. Kamera ya leo iliyofungwa juu ya ukuta inaona barabara, duka la jirani, na mlango wa mama wa pili. Mwananchi mmoja wa Jamhuri ya Czech alifunga kamera chini ya paa lake mwaka 2007 baada ya nyumba yake kuvunjwa madirisha mara kadhaa. Ilionesha mlango wake, njia ya umma na mlango wa nyumba ya mbele. Dirisha likavunjwa tena, kamera ikasaidia kuwapata washukiwa wawili. Mmoja wao akahoji: je, kunirekodi barabarani ni halali? Shauri likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo Desemba 2014 iliamua kwamba kamera inayorekodi eneo la umma haiwezi kuhesabiwa kuwa jambo la nyumbani tu, hata kama imefungwa kwenye nyumba ya mtu. Hapohapo mahakama ikakubali kwamba haja ya mtu kulinda familia na mali yake nayo inazingatiwa. Sheria zetu ni tofauti na za Ulaya, lakini Kenya (2019) na Tanzania (2022) nazo zimeshatunga sheria za kulinda taarifa za watu, kwa hiyo usidhani mjadala huu uko mbali.

Basi, ukifunga yako

Chukua vile vitendo vinne uvitumie kama orodha ya ukaguzi.

Ona. Akina Brown waliweka matundu manne ili wapate uso wa mgeni, awe mrefu au mfupi. Mafundi wengi hupenda kupandisha kamera karibu na paa, ambako haiibiwi kirahisi. Ni sawa kwa kutazama uwanja, ila ya mlangoni ikikaa juu hivyo utapata video safi kabisa ya kofia. Angalau moja iwe kwenye usawa wa uso, na uijaribu usiku, siyo mchana tu.

Sema. Kamera ya mlangoni iwe na maikrofoni na spika. Kama bajeti ni ndogo, afadhali kamera moja inayoongea kuliko tatu bubu.

Amua. Nani ana neno la siri? Libadilishe la kiwandani siku hiyohiyo, na usimwachie fundi lako jipya. Picha zinahifadhiwa wapi na kwa siku ngapi? Umeme ukikatika, ruta na mashine ya kurekodia vina betri ya akiba? Na wale wanaoishi ndani, pamoja na dada wa kazi, wanajua kamera ziko wapi? Mtu anayerekodiwa nyumbani anakolala ana haki ya kujua. Geuza pia kamera isitazame dirisha la jirani. Jirani huyo ndiye utakayemhitaji kwenye kitendo kinachofuata.

Ita. Hiki ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Ukiona kitu saa nane usiku, unampigia nani? Andika namba ya kituo cha polisi cha karibu, ya mjumbe, ya majirani wawili. Kila mtu wa nyumbani awe nazo.

Fundi akimaliza kazi, kabla hujamlipa, mwombe atoke nje, mlango ufungwe, apige hodi. Wewe kaa chumbani. Kama unamwona uso, unamjibu akakusikia, na unajua ungemwita nani kama angekuwa mtu mwingine, mlipe. Kama kimojawapo hakipo, kitafute hicho kwanza kabla hujafikiria kamera ya tano.